Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Cherehani ya Bi Futi ilianza kulia kabla majirani hawajafungua madirisha. Kro-kro-kro, kro-kro-kro. Watu waliisikia wakiwa bado kitandani wakasema, "Haya, Bi Futi keshaamka." Nao wakaamka. Mtaa ule haukuhitaji saa.

Jina lake hasa wengi walishalisahau. Alikuwa Bi Futi kwa sababu ya ile futi ya kitambaa anayopimia nguo. Ilikuwa shingoni mwake mchana kutwa. Alikwenda nayo kisimani. Alikwenda nayo msibani. Wifi yake alikuwa akimtania, "Wewe hata malaika akija kukuchukua, utampima kiuno kwanza."

Alikuwa fundi hasa. Akikupima, alikupima kwa mikono na kwa maneno. "Simama wima! Usinifiche tumbo, maana gauni litakusema." Wanawake walikwenda kwake kushonewa, wakabaki kucheka.

Basi likatokea jambo ambalo watu hawakulielewa. Bi Futi aliacha kupima watu.

Mteja akija, Bi Futi alibaki ndani. Alisema kupitia dirishani, "Lete nguo yako ya zamani inayokutosha. Itundike hapo nje kwenye msumari." Akimaliza kushona, alitundika nguo mpya kwenye msumari uleule, akarudi ndani na kufunga mlango. Futi yenyewe hakuivaa tena. Aliitundika nyuma ya mlango.

Watu nao hawakosi la kusema. Huyu alisema amepata maringo. Yule alisema macho yameisha. Wa tatu akaapa kwamba amejiunga na dini isiyogusa watu. Ndivyo tulivyo. Tutamjadili mtu mpaka jasho litutoke, lakini kwenda kumbishia hodi, aa, hapo miguu inauma.

Ukweli ulikuwa huu. Bi Futi alikuwa na saratani ya titi.

Aliigundua akioga. Kilikuwa kitu kidogo, kigumu, kama kifungo kilichoshonewa ndani ya ngozi. Hakikuuma. Kwa kuwa hakikuuma, alikiacha. Hapo alikosea, na si yeye peke yake. Wengi tunasubiri maumivu ndipo twende hospitali, na uvimbe wa saratani mara nyingi mwanzoni hauumi hata kidogo.

Kifungo kilipokua, alikwenda zahanati. Zahanati ikampeleka hospitali ya wilaya. Wilaya ikampeleka hospitali kubwa mjini, safari ya kutwa nzima. Huko alifanyiwa upasuaji. Uvimbe ukatolewa. Daktari akamwambia kazi haijaisha. Atatiwa dawa kwa dripu mara sita, kila baada ya wiki tatu.

Siku ya dripu ya kwanza, muuguzi alikuja amevaa gauni refu la plastiki. Usoni alikuwa na barakoa. Mikononi alikuwa na glavu, moja juu ya nyingine. Bi Futi alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Mwanangu, mbona umevaa hivyo?"

"Ni lazima, mama," muuguzi alisema. Wagonjwa walikuwa wengi, na yeye alikuwa na mikono miwili tu. "Usiiguse hii. Na ukifika nyumbani, siku mbili za mwanzo choo ukimwagie maji mengi. Nguo zako zifuliwe peke yake. Sawa, mama?"

"Sawa," alijibu Bi Futi.

Lakini haikuwa sawa. Hakuna aliyempa sababu. Basi akajumlisha mwenyewe, na jumla ikatoka mbovu. Glavu mbili. Barakoa. Nguo peke yake. Akasema moyoni, "Kumbe ugonjwa huu unarukia watu."

Mara ya pili alikwenda tena, akiwa na hofu hiyo. Mjini hakuwa na ndugu. Alilala kwenye benchi nje ya kliniki, amejikunja chini ya kanga. Asubuhi akatiwa dripu, akarudi nyumbani anatapika njiani. Nywele zikaanza kutoka. Akajifunga kitambaa.

Nyumbani alitoa vikombe vyake vya bati kabatini. Akachukua kimoja, akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio chake. Hicho kikawa chake. Alitenga na sahani, na kijiko. Kisha akakaa kitandani akawafikiria watu wote anaowagusa kwa siku. Watoto wa shule wanaokuja kupimwa sare. Wanawake wa mtaani. Wajukuu zake. Wifi yake.

"Bora nikae peke yangu," alisema kwa sauti. Hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Siku ya dripu ya tatu ilipofika, hakwenda. Usidhani ni uvivu. Alivaa, akabeba kikapu chake, akafika mpaka mlangoni. Hapo akawaza, "Garini nitabanana na watu. Kuna mama atakuwa na mtoto mchanga mgongoni. Amenikosea nini hata nimwambukize mwanawe?" Akatua kikapu chini. Aliacha dawa zake kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa inamuua.

Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa lori. Aliishi mkoa wa mbali pamoja na mkewe na watoto. Kila Jumapili alipiga simu.

"Mama, likizo hii tunakuja wote."

"Msije, mwanangu. Bati linavuja. Mtalala wapi?"

Mvua zikaisha. Simu ikaja tena. "Mama, bati bado?"

"Bado. Fundi hajapatikana."

Alikata simu, akatazama juu. Bati lake halikuwa na tundu hata moja. Akalitazama muda mrefu. Wajukuu walikuwa wamezoea kulala chini ya bati lile huku wakigombania upande wa ukutani. Sasa chumba kilikuwa kimya mpaka alisikia mchwa wakila fremu ya dirisha.

Akazoea kuzungumza na cherehani. "Leo unakwama nini, mama? Umelala vibaya?" Akaitia mafuta, akaipangusa. Ndiyo kitu pekee alichokigusa bila woga.

Sasa nikwambie habari za huyo wifi. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Bi Futi, naye alikuwa mjane kama yeye. Alifuga kuku na kuuza mayai, kwa hiyo watu walimwita Mama Mayai. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa miti tu, wenye upenyo wa kupitia. Mawifi hawa walikuwa hawapitishi siku bila kutukanana kwa mapenzi.

Bi Futi alipotoka kwenye upasuaji, alimwambia Mama Mayai kwamba ni kauvimbe tu, kametolewa, kameisha. Neno saratani hakulitaja. Baada ya dripu ya pili, Mama Mayai alikuja na bakuli la mayai ya kuchemsha, bado ya moto.

"Hodi, mgonjwa wa kujidekeza! Fungua, nimekuletea dawa!"

"Weka hapo nje," alijibu Bi Futi bila kufungua.

"Nje wapi? Mimi muuza mkaa?"

"Nimesema weka hapo. Usiingie."

Mama Mayai alisimama kidogo. Kisha akaliweka bakuli kizingitini akaondoka. Alikwenda akisema peke yake, "Kaka yangu kafa, na uwifi nao umekufa. Haya." Tangu siku hiyo hakupita tena kwenye ule upenyo wa uani. Majani yakaota mahali walipozoea kupita.

Basi kukawa na wajane wawili. Kila mmoja alikaa upande wake wa ua, kila mmoja alisikia kuku au cherehani ya mwenzake. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyefunga mlango.

Miezi ikapita hivyo.

Siku moja kengele ya baiskeli ililia mbele ya nyumba. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke mnene, mcheshi, aliyepangiwa upande ule hivi karibuni. Watoto walimwita Dada Kengele. Alishika kitambaa cha sare mkononi.

"Hodi hapa!"

"Tundika nguo ya zamani kwenye msumari," sauti ikatoka ndani. "Kitambaa nipe dirishani."

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Tundika."

"Nguo ya zamani ninayo, lakini haifai. Ilishonewa msichana mwembamba aliyekuwa mimi. Huyo alishahama."

 Kule ndani Bi Futi alikuwa anazuia kicheko. Hakuwa amecheka siku nyingi.

"Basi kaazime kwa mwenye umbo kama lako."

"Umbo hili? Mungu alishona moja tu, akaishiwa kitambaa!"

"Lete hicho kitambaa uende zako," Bi Futi akasema. Akatoa mkono dirishani.

Dada Kengele alinyoosha kitambaa. Kisha akauinamia ule mkono. Alikuwa ameona kucha. Zilikuwa na weusi, kama zilizochovywa kwenye wino, na weusi ule ulikuwa unasogea kuelekea ncha.

"Mama," alisema taratibu, "uliwahi kutiwa dripu za saratani?"

Mkono ukarudi ndani haraka. Kitambaa kikaanguka chini.

"Nani kakwambia?"

"Kucha zako. Nimewahi kuwatembelea wagonjwa wenye kucha hizo. Ni dawa inayozifanya hivyo. Zinakua, weusi unaondoka. Ulimaliza dripu zote?"

Dirisha likafungwa.

"Mama, naomba niingie."

"Usiingie!" Bi Futi alipiga kelele. "Nitakuambukiza!"

Dada Kengele aliegemeza baiskeli ukutani. Akazunguka, akasukuma mlango. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Bi Futi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Mama, nisikilize. Saratani yako haiambukizi. Haiambukizi kwa mkono. Haiambukizi kwa kikombe, wala kwa kitanda, wala kwa pumzi. Ungeweza kulala na mtu chumba kimoja mwaka mzima, asiipate kwako."

"Usinidanganye. Mimi si mtoto. Nilimwona muuguzi kwa macho yangu. Alivaa kama mtu anayekwenda kurina asali!"

"Alivaa, ndiyo. Lakini alikuwa anajikinga na dawa. Hakuwa anajikinga na wewe."

Bi Futi akamkodolea macho.

"Dawa ile ni kali," Dada Kengele aliendelea. "Wewe unaihitaji, kwa sababu una kitu cha kupigana nacho. Yeye haihitaji. Na yeye anaishika kila siku, mgonjwa baada ya mgonjwa. Ikimgusa kidogo kidogo kila siku, itamdhuru. Ndiyo sababu ya glavu."

"Na choo je? Na nguo kufuliwa peke yake?"

"Hiyo pia ni dawa. Kwa siku mbili hivi baada ya dripu, inatoka mwilini. Inatoka kwenye mkojo, kwenye choo, kwenye matapishi. Kwa hiyo unamwaga maji mengi, unanawa mikono kwa sabuni. Anayefua nguo zilizochafuka anavaa glavu, asipokuwa nazo anavaa mifuko ya plastiki mikononi. Siku hizo zikipita, basi. Na hata ndani ya siku hizo, mjukuu akija kukukumbatia, mkumbatie."

Bi Futi alikaa chini kwenye kigoda cha cherehani. Akatazama mezani.

"Kwa hiyo kikombe..."

"Kikombe gani, mama?"

Akakionyesha kwa kidole. Kilikuwa peke yake pembeni, na uzi mwekundu kwenye kishikio chake. Dada Kengele alikitazama, na ucheshi wake wote ukamwishia.

"Miezi yote hii," alisema Bi Futi.

Akaanza kulia. Hakulia kwa furaha. Alilia kwa uchungu wa kujua kwamba alikaa peke yake bure. Alilia likizo ambayo wajukuu hawakuja, na bakuli la mayai lililopoa kizingitini.

Dada Kengele hakumwambia anyamaze. Alisubiri. Kisha akaitoa futi nyuma ya mlango, akaipangusa vumbi kwa upindo wa nguo yake, akaiweka mikononi mwa Bi Futi.

"Sasa nipime."

"Siwezi."

"Utaweza. Nataka sare, sikuja kuchezacheza hapa."

Bi Futi alisimama.  Alizungusha futi kifuani kwa yule mwanamke, vidole vikagusa mgongo wake. Mgongo ulikuwa na joto, na jasho la kuendesha baiskeli. Tangu hospitali hakuwa amegusa mtu. Alisimama hivyo, ameshika futi pande mbili, akasahau hata kusoma namba.

"Vipi, mama? Futi haikutosha?" aliuliza Dada Kengele.

"Imetosha, mwanangu," alisema Bi Futi huku akifuta pua. "Ila usinifiche tumbo. Gauni litakusema."

Walikaa wakazungumza. Bi Futi alieleza yote. Alisema ametiwa dripu mbili tu kati ya sita.

"Lakini uvimbe wenyewe walishautoa," alisema. "Sioni kitu, siumwi. Labda nimepona."

"Mama, wewe ni fundi. Ukimaliza kushona ukakata uzi bila kuufunga, inakuwaje?"

"Inafumuka. Haifumuki leo. Inafumuka siku mteja yuko mbele za watu."

"Ndivyo ilivyo. Upasuaji umetoa uvimbe unaoonekana. Lakini mbegu ndogo zinaweza kubaki mwilini, na hakuna jicho linaloziona. Dripu zinazifuata hizo. Ukiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi unakuwa mgumu zaidi kutibika."

 Hilo Bi Futi alilielewa bila kuambiwa mara mbili.

"Nikirudi watanifokea. Nimepitisha tarehe nyingi."

"Tuwapigie, tuwasikie."

Kadi ya kliniki ilikuwa na namba ya simu. Dada Kengele alipiga, akaweka sauti kubwa. Muuguzi akapokea. Aliposikia habari, akasema, "Mama wa cherehani? Tumekutafuta mno! Tunapiga namba uliyotuachia, kila siku haipatikani."

"Namba ipi?" aliuliza Dada Kengele.

Muuguzi akaisoma. Bi Futi akainamisha kichwa.

"Ni ya marehemu mume wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Walipouliza namba, niliogopa, akili ikaruka. Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani."

 Hospitali ilikuwa inampigia simu mtu aliye kaburini.

"Hakuna wa kukufokea, mama," muuguzi alisema. "Umechelewa, lakini hatujakuacha. Njoo wiki ijayo. Daktari atapima damu, atapiga picha, kisha ataamua tunaendeleaje. Na safari hii utupe namba mbili. Yako, na ya mtu wako wa karibu."

"Nitalala wapi?" aliuliza Bi Futi. "Lile benchi, mwanangu, bado nalisikia mbavuni."

"Benchi! Nyuma ya hospitali kuna nyumba ya wagonjwa wanaotoka mbali. Kuna vitanda, hata kwa anayekusindikiza. Ukifika, muulize ofisa ustawi wa jamii. Mweleze na shida ya nauli. Si kila shida anaiweza, lakini usipomwambia hawezi kujua."

Bi Futi alishangaa. Kitanda kilikuwepo, nyuma tu ya ukuta alioegemea usiku ule. Kilichokosekana ni swali.

Simu ilipokatwa, Dada Kengele akauliza, "Nani atakusindikiza?"

"Sina mtu."

"Na yule wa mayai, jirani yako?"

"Wifi yangu? Amenisusa yule."

"Amekususa, au ulimfungia mlango?"

Bi Futi akaikunja futi. Dada Kengele akachukua baiskeli yake. "Sare nitaifuata. Hili la wifi siwezi kukushonea, mama. Shona mwenyewe."

Alipoondoka, Bi Futi alisimama uani muda mrefu. Kusema "nina saratani" kwa mgeni kulikuwa rahisi. Kusema kwa wifi ilikuwa kazi nyingine. Akitazama majani yaliyoota kwenye upenyo, aliona aibu. Mwishowe akayakanyaga, akapita.

Mama Mayai alikuwa anamwaga pumba kwa kuku. Alimwona, akageuza uso.

"Leo umepotea njia? Wateja wako wanatundika kwenye msumari, kwangu hakuna msumari."

"Wifi."

"Mayai yameisha."

"Wifi, nina saratani. Ya titi. Nilidhani inaambukiza. Ndiyo maana nilikufungia mlango. Nilikuogopea wewe, sikukuchukia."

Bakuli la pumba likaanguka. Kuku wakalirukia. Mama Mayai hakuwaona.

"Mwanamke wewe!" alisema, na machozi tayari yamemjaa. "Mimi nimekaa hapa namwambia kaka yangu marehemu kwamba mkewe ananidharau. Kila jioni namsemea! Kumbe unakufa peke yako hapo, hatua tatu kutoka kwangu! Una akili kweli?"

"Sina."

"Najua huna. Ulipoolewa nilimwambia kaka."

Wakashikana. Walilia wakiwa wamekumbatiana, na kuku wakala pumba zote.

Kisha Mama Mayai alimshika mkono wakapita uani mpaka kwa Bi Futi. Kilio kilikuwa kimemtia kiu. Akaingia, akachukua kikombe cha karibu mezani, akachota maji mtungini.

"Aa! Hicho changu!" Bi Futi alipiga kelele. Mazoea yana taabu.

Mama Mayai aliutazama uzi mwekundu. Akauelewa. Akanywa maji yote mpaka tone la mwisho, huku akimtazama wifi yake machoni. Kisha akaukata uzi kwa meno, kama afanyavyo fundi.

"Leo changu," alisema.

Wiki iliyofuata walisafiri wote wawili. Ofisa ustawi wa jamii aliwapatia vitanda. Damu ikapimwa, picha ikapigwa. Walisubiri majibu wakiwa wameshikana mikono bila kutaniana hata neno moja. Daktari akasema, "Bahati yako, mama. Ugonjwa haujarudi. Lakini tusiichezee bahati. Tunaendelea."

Muuguzi alipokuja na gauni lake la plastiki, barakoa na glavu, Mama Mayai alishtuka akarudi nyuma.

"Tulia, wifi," alisema Bi Futi. "Anajikinga na dawa. Siku zote ilikuwa salama kukaa nami. Kasoro maneno yangu tu."

Muuguzi alisimama kidogo. "Nani alikueleza, mama?"

"Mteja wangu. Wewe ungenieleza siku ile, ningeokoa miezi. Sikulaumu, mna kazi nyingi. Lakini tuelezeni."

Tangu siku hiyo muuguzi yule alimweleza kila mgonjwa sababu ya glavu kabla hajashika sindano.

Haikuwa rahisi. Bi Futi alitapika. Kuna siku alishindwa hata kukanyaga cherehani. Baadaye, daktari alipanga dripu zilizobaki zitolewe hospitali ya wilaya, karibu zaidi na nyumbani. Si kila dawa inaweza kutolewa karibu, lakini hiyo iliwezekana. Mara moja alipata homa baada ya dripu. Akajifunika blanketi akasema ni baridi tu, atalala. Mama Mayai akamvuta blanketi. "Tumeambiwa homa haisubiri kesho. Inuka!" Walikwenda mchana uleule. Alilazwa siku chache, akapona homa. Daktari alisema wangesubiri, mambo yangekuwa mengine.

Dripu zikaisha. Nywele zikaota tena, laini kama za mtoto. Likizo ilipofika, Bi Futi alimpigia mwanawe simu mwenyewe. "Njooni wote. Bati halivuji. Halijawahi kuvuja." Kisha akamweleza kila kitu, na dereva wa lori akalia kando ya barabara, lori likiwa limesimama.

Wajukuu walipofika, aliwasimamisha mstari akawapima wote. Walikuwa wamerefuka. Alijua kwamba urefu ule uliongezeka bila yeye kuuona, na moyo ulimuuma. Lakini vidole vyake vilikuwa mabegani mwao.

Baada ya miezi alirudi hospitali kubwa kuangaliwa. Daktari alisema haoni ugonjwa. Akampa tarehe ya kurudi tena. Bi Futi alitoka akiwa mwepesi. Mama Mayai alikuwa ametangulia kutafuta gari.

Nje ya kliniki kulikuwa na lile benchi. Pembeni kabisa aliketi mwanamke wa makamo, mgeni, na kikapu miguuni. Watu wengine walikuwa upande huu. Yeye alikuwa ameacha nafasi kubwa katikati. Kila mtu akisogea, naye alisogea mbali zaidi, mpaka akabaki kwenye ncha. Mikononi alishika kikombe chake mwenyewe, amekifunga kitambaa.

Bi Futi alikijua kikombe kile. Hakuwahi kukiona, lakini alikijua.

Alikwenda akaketi kwenye ile nafasi, karibu, bega kwa bega. Yule mwanamke alishtuka, akajivuta ukingoni.

"Dada, usinikaribie. Naanza dripu leo. Ugonjwa wangu..."

"Naujua. Nilikuwa nao." Bi Futi alinyoosha mkono. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Una maji humo?"

"Ninayo. Lakini ni kikombe changu."

"Nina kiu, mwenzangu. Nigawie."

Mwanamke alisita. Akakifungua kitambaa polepole. Bi Futi akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa mbele ya watu wote, akamrudishia.

Yule mwanamke alikitazama kikombe, akamtazama Bi Futi. Kisha akatoka kwenye ncha ya benchi, akasogea karibu naye.